Maumivu Ni Askari wa Zamu Asiyelala

Jioni moja mama yuko jikoni. Moto unawaka vizuri, sufuria inatokota, na mawazo yake yako kwa mtoto anayelia chumbani. Bila ya kutazama ananyosha mkono kuiepua sufuria, naye amesahau kushika kitambaa. Mara mkono unaruka nyuma kama uliovutwa kwa kamba. Baada ya hapo ndipo mama anapopiga ukelele, na baada ya ukelele ndipo maumivu yenyewe yanapomjia sawasawa, yakimchoma vidoleni mpaka saa ya kulala.

Jambo hili ni la kila siku, wala hapana asiyelijua. Lakini msomaji akilitafakari kidogo ataona kuwa lina ajabu ndani yake. Mkono uliiacha sufuria kabla mwenyewe hajajua kuwa sufuria ni ya moto. Ni nani basi aliyeuamuru uondoke? Tena kwa nini maumivu yalikuja mara mbili, kwanza yale makali ya ghafula, kisha yale mengine ya polepole yasiyotaka kuondoka?

Watu wengi huyahesabu maumivu kuwa adui, na kama tungepewa ruhusa ya kuchagua, wengi wetu tungeomba tuondolewe kabisa. Makala haya yanataka kuonyesha kuwa ombi hilo lingekuwa ombi la hatari kubwa. Wako watu ambao limewapata jambo hilo bila wao kuliomba, na habari zao ni za kusikitisha. Kabla ya kufika kwao, yatupasa kwanza kujua jinsi habari zinavyosafiri katika mwili.

Njia za habari

Mwili wa mtu waweza kufananishwa na nchi yenye makao makuu. Makao makuu hayo ni ubongo, wenye uzito usiofika kilo moja na nusu, nao umefungiwa ndani ya fuvu gumu la kichwa. Humo ndani hamna mwanga, wala sauti, wala joto la jua. Ubongo wenyewe haujapata kuliona shamba wala kuigusa mvua. Hata ukikatwa hausikii uchungu, na ndiyo sababu madaktari wa upasuaji huweza wakati mwingine kuupasua ubongo wa mgonjwa aliye macho, huku wakizungumza naye. Yote tunayoyajua juu ya dunia hii ubongo umeletewa na matarishi, na matarishi hao ni mishipa ya fahamu.

Tusiichanganye mishipa hiyo na mishipa ya damu. Mshipa wa fahamu hauna tundu la kupitisha kitu. Umefanana na kamba nyeupe iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba mno, na kila uzi ni mkia wa chembe hai moja tu ya mwili. Uzi unaoanzia katika kidole cha mguu huenda bila kukatika mpaka karibu na uti wa mgongo, safari ya meta moja au zaidi kwa mtu mrefu. Kutoka hapo habari hupanda katika uti wa mgongo hata kufika ubongoni.

Huku chini, katika ngozi, ncha za nyuzi hizo zimegawana kazi. Ziko zinazosikia mguso mwepesi kama wa nzi anayetua mkononi. Ziko zinazosikia mtikisiko, kama ule wa mpini wa jembe linapogonga jiwe. Ziko za baridi, ziko za joto, na ziko zile zisizoamka mpaka mwili unapodhuriwa au unapokaribia kudhuriwa. Hizi za mwisho ndizo askari wa zamu ambao tunataka kusimulia habari zao.

Mwendo wa habari

Zamani wataalamu walidhani kuwa habari hupita mwilini kwa upesi usioweza kupimwa. Mwaka 1850 Mjerumani mmoja, Hermann von Helmholtz, alichukua mshipa wa mguu wa chura, akaustua kwa umeme karibu na msuli, kisha akaustua mbali na msuli, akapima tofauti ya wakati. Aliona kuwa habari ilikwenda kadiri ya meta 25 hadi 30 kwa sekunde, yaani si zaidi ya mwendo wa motokaa katika barabara nzuri. Watu walistaajabu, maana walidhani fikira na vitendo vya mtu huenda pamoja kama umeme wa radi.

Leo twajua kuwa si nyuzi zote zenye mwendo mmoja. Nyuzi nene zilizovikwa ganda la mafuta hupeleka habari za mguso kwa meta 35 hadi 75 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba zaidi huleta uchungu ule mkali wa kwanza, nazo huenda meta 5 hadi 30. Lakini nyuzi nyembamba kabisa, zisizo na ganda, huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kadiri ya meta moja tu kwa sekunde. Hizi ndizo zinazoleta maumivu ya pili, yale mazito yanayofukuta.

Msomaji anaweza kuthibitisha jambo hili siku atakayojikwaa kidole gumba. Atajua mara moja kuwa amegonga jiwe. Kisha kutakuwa na kimya kifupi, kama sekunde moja hivi, ambacho ndani yake mtu hukunja uso na kungoja, maana anajua kitakachokuja. Kimya hicho ni wakati ambao tarishi wa polepole bado yuko njiani.

Na mkono wa yule mama? Habari ya moto ilipofika katika uti wa mgongo haikungoja kupanda mpaka makao makuu. Uti wa mgongo ni kama ofisi ya wilaya: una ruhusa ya kutoa amri ndogo za haraka, kisha kupeleka taarifa juu. Moto ukizuka sokoni, afisa wa wilaya haandiki barua kwenda mji mkuu kuuliza kama aruhusiwe kuuzima. Hivyo ndivyo uti wa mgongo unavyoivuta misuli ya mkono, na ubongo hupata taarifa baada ya kazi kwisha kufanyika.

Barua zote zina mwandiko mmoja

Habari yenyewe ni nini? Ni umeme, lakini si kama umeme wa waya wa taa. Kila uzi una chumvi ndani yake na chumvi nje yake, na katika ngozi ya uzi huo mna vijilango. Uzi unapostuliwa, vijilango hufunguka na chembe za sodiamu huingia ndani kwa kasi. Kuingia kwao hufungua vijilango vya jirani, na hivi vya jirani hufungua vya mbele yao, kama moto unaokwenda katika nyasi kavu, jani moja likiwasha la pili. Tofauti ni kuwa nyasi zikiungua zimekwisha, bali uzi hujirudisha katika hali yake na kuwa tayari tena kabla sekunde moja haijagawanywa mara mia. Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliyachunguza mambo haya katika uzi mnene wa ngisi, yule wa baharini ambaye wavuvi wa pwani wanamjua vizuri, wakachapisha maelezo yao mwaka 1952. Mwaka 1963 walitunukiwa nishani ya Nobel.

Kabla yao, katika miaka ya 1920, Mwingereza mwingine aitwaye Edgar Adrian aligundua jambo la kushangaza. Alisikiliza uzi mmoja mmoja na kuona kuwa mapigo yote ya umeme yana ukubwa mmoja. Uzi hauwezi kupiga kelele wala kunong'ona. Ukiguswa kidogo hupeleka mapigo machache, na ukibanwa kwa nguvu hupeleka mapigo mengi kwa sekunde, lakini kila pigo ni sawa na lenziwe. Tena pigo linalotoka jichoni halina tofauti na lile linalotoka sikioni au kidoleni.

Basi ubongo wajuaje kuwa hii ni habari ya nuru na ile ni ya uchungu? Hujua kwa kutazama njia barua ilikopitia, si mwandiko wake. Mtu akifumba macho gizani na kubonyeza polepole pembe ya jicho kwa kidole, ataona duara la mwanga upande wa pili, ingawa hapana mwanga wo wote. Kidole kimeustua mshipa wa jicho, na ubongo hauna desturi ya kupokea kutoka njia ile kitu kingine isipokuwa nuru. Ndiyo sababu pia mtu aliyepigwa ngumi ya jicho husema ameona nyota.

Majaribio mawili ya nyumbani

Wasomaji wanaopenda kujaribu mambo kwa mikono yao wanaweza kufanya majaribio mawili yasiyohitaji fedha.

La kwanza ni la vijiti viwili vya kiberiti. Mwenzako afumbe macho, nawe umguse ncha ya kidole kwa vijiti viwili kwa pamoja, vikiwa vimeachana milimeta 3 au 4. Atasema kweli kuwa ni viwili. Sasa mguse mgongoni vikiwa vimeachana sentimeta 2. Yaelekea atasema ni kijiti kimoja. Mjerumani Ernst Weber aliyafanya majaribio ya namna hii zaidi ya miaka 180 iliyopita. Sababu yake ni kuwa ncha za vidole zimejaa matarishi, bali mgongo umeachiwa wachache. Hata ubongoni mambo ni hivyo. Katika miaka ya 1930 daktari Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, alichora ramani ya sehemu ya ubongo inayopokea habari za ngozi, akaona kuwa midomo na vidole vya mkono vimepewa eneo kubwa kuliko mgongo mzima. Mwili umegawa ardhi kwa kufuata kazi, haukufuata upana wa mahali.

La pili ni la mabeseni matatu. Moja litiwe maji ya baridi, la pili maji ya moto yasiyounguza, na la katikati maji ya vuguvugu. Tia mkono mmoja katika baridi na mwingine katika moto kwa muda wa dakika mbili, kisha itie yote miwili katika maji ya katikati. Mkono mmoja utasema maji haya ni ya moto, na wa pili utasema ni ya baridi, na maji ni yale yale! Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alilitaja jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1690. Latufundisha kuwa ngozi si kipimajoto. Haisemi joto ni kiasi gani, bali husema kumebadilika nini. Kwa ajili hiyo twasahau nguo tulizovaa dakika chache baada ya kuzivaa, na mtu aingiaye katika zizi la mbuzi husikia harufu ambayo mwenye zizi amekwisha kuacha kuisikia. Tarishi mwema hamsumbui bwana wake kwa habari ya jana.

Lakini askari wa maumivu ni tofauti na hao wengine. Yeye hazoei upesi. Kidonda kinapovimba, huzidi kuwa mkali, hata mguso wa shuka tu huuma. Naye anayo sababu yake: anataka mahali palipoumia pasiguswe mpaka papone.

Pilipili na moto

Kila mtu aliyekula pilipili kichaa husema kuwa inaunguza. Hasemi kuwa ni chungu, wala kuwa ni chachu, bali inaunguza. Yaonekana walimi wetu walikuwa na haki tangu zamani. Mwaka 1997 mtaalamu wa Marekani, David Julius, pamoja na wenzake, waliupata mlango katika nyuzi za maumivu ambao hufunguliwa na joto lipatalo digrii 43 za sentigredi, na mlango huo huo hufunguliwa na dawa iliyo katika pilipili. Kwa hiyo ulimi ulioguswa na pilipili hupeleka barua ile ile ambayo ungepeleka kama umeguswa na kaa la moto, na ubongo hauna njia ya kupambanua. Mlango wa baridi nao hufunguliwa na dawa ya mnanaa, na ndiyo sababu peremende ya mnanaa huacha ubaridi kinywani hata mchana wa jua kali. Kwa kazi hizo Julius, pamoja na Ardem Patapoutian aliyegundua milango ya mguso, alipewa nishani ya Nobel mwaka 2021.

Wakulima wameona kuwa ndege hula pilipili bila kuhangaika. Mlango wao wa moto haufunguliwi na dawa ya pilipili. Hivyo mmea huwafukuza wanyama watafunao mbegu, na kuwakaribisha ndege ambao huzimeza nzima na kuzipanda mbali.

Mamlaka ya ubongo

Hata hivyo ubongo si karani wa kupiga muhuri kila barua inayoletwa. Nao una mamlaka yake. Katika Vita Kuu ya Pili, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Henry Beecher aliwatibu askari waliojeruhiwa vibaya huko Italia. Alistaajabu kuona kuwa wengi wao walikataa dawa ya kutuliza maumivu, wakisema hawana maumivu makubwa. Kwa raia mwenye jeraha dogo kuliko hayo, jeraha lilikuwa msiba. Kwa askari lilikuwa tiketi ya kuondoka vitani akiwa hai. Hali kadhalika mchezaji wa mpira hucheza na mguu uliochubuka, na maumivu humjia baada ya kipenga cha mwisho.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa katika uti wa mgongo pana namna ya mlango, ambao ubongo waweza kuufunga nusu au kuufungua wazi, na ambao habari za mguso pia zaweza kuuziba. Mambo mengi yamesahihishwa katika maelezo yao tangu siku hizo, lakini kiini chake kimebaki. Mama anayesugua goti la mtoto aliyeanguka, akimsemesha kwa upole, hafanyi upuuzi. Anapeleka habari za mguso kwa nyuzi za haraka, nazo huisonga barua ya uchungu mlangoni.

Mtoto asiyesikia uchungu

Sasa tutazame upande wa pili: mtu ambaye barua hizo hazimfikii kabisa.

Mwaka 2006 madaktari walitoa habari za mtoto mmoja wa Pakistani. Mtoto huyo alikuwa akijipatia fedha njiani kwa kujichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa, na watu wakikusanyika kumtazama. Hakuwa na uganga. Alizaliwa hivyo, hasikii uchungu tangu siku ya kwanza. Madaktari waliotaka kumpima hawakuwahi, kwa maana alikufa kabla hajatimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa la nyumba. Waliwachunguza watoto wengine wa jamaa za kwao waliokuwa na hali hiyo. Wote walikuwa wamejiuma midomo au ndimi zao, na wengi walikuwa wamevunjika mifupa pasipo kujua. Sababu ilikuwa ndogo mno: kijilango kimoja cha sodiamu katika nyuzi za maumivu hakikuundwa sawasawa. Guso walilisikia, na joto na baridi pia. Askari wa zamu peke yake ndiye aliyekosekana.

Ukoma na daktari wa Vellore

Watoto wa namna hiyo ni wachache sana duniani. Lakini uko ugonjwa ambao umewanyang'anya mamilioni ya watu askari huyo, nao ni ukoma.

Tangu zamani za kale watu waliamini kuwa ukoma huozesha nyama, na kuwa vidole hudondoka vyenyewe. Mwaka 1873 daktari wa Norwei, Gerhard Armauer Hansen, alikiona kijidudu chake, lakini imani ile ya kudondoka kwa vidole iliendelea hata miongoni mwa waganga. Mwaka 1946 daktari wa upasuaji, Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India, alirudi huko India kufanya kazi katika hospitali ya Vellore. Aliposhughulika na mikono iliyoharibika alianza kushuku. Nyama ya mikono ile ilipokatwa ilipona kama nyama ya mtu mwingine ye yote. Basi, kama nyama haina ubovu, vidole vinapotelea wapi?

Siku moja alikuwa akijaribu kufungua mlango wa ghala wenye kufuli iliyoshika kutu, na ufunguo ukakataa kuzunguka. Kijana mdogo, mgonjwa wa ukoma, alimwomba amwachie, akaushika ufunguo na kuuzungusha mara moja. Daktari alishangaa kuona mtoto dhaifu ana nguvu kuliko yeye. Kisha akaona tone la damu chini. Alipoukunjua mkono wa mtoto, ufunguo ulikuwa umekata kidole mpaka kwenye mfupa, na mtoto hana habari. Hakuwa na nguvu za ziada. Sisi wengine tungekuwa nazo pia, kama uchungu haungetuzuia.

Tangu siku hiyo Brand na wenzake walianza kufuatia kila kidonda kama askari polisi anavyofuatia nyayo. Kidonda hiki kilitoka wapi? Kikombe cha chai ya moto. Na hiki? Mpini wa nyundo wenye kibanzi. Na hiki? Alitembea maili nyingi juu ya msumari uliopenya kiatu, wala hakuchechemea. Wako waliolala usiku na vidole vyao vyote, wakaamka asubuhi kimoja kimepungua. Walipokesha kuchungulia waliona kuwa panya walikuja usiku kuvitafuna, na mwenyewe amelala usingizi mzito. Dawa ya hapo ilikuwa kumpa mgonjwa paka. Hivyo ikathibitika kuwa ukoma hauli vidole. Kijidudu chake hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, nacho huiharibu mishipa ya fahamu ya mikono, ya miguu na ya uso. Baada ya hapo kazi ya kila siku ndiyo inayokula vidole. Hata upofu wa wengi wao ulitokana na jicho lililokufa ganzi, lisilosikia vumbi, likaacha kupepesa.

Katika miaka ya 1960 Brand alihamia hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, Marekani. Huko, yeye na mafundi walijaribu kuunda maumivu ya bandia. Walishona glavu zenye vyombo vya kupima mbano, na mgonjwa akikaza kitu kupita kiasi, chombo kilimpigia kelele sikioni. Wagonjwa walizisikia kelele hizo, wakaendelea na kazi. Wakabadilisha, wakaweka umeme wa kumstua mahali penye fahamu. Mgonjwa alipotaka kukaza parafujo iliyokuwa ngumu, alizima umeme, akakaza, kisha akauwasha tena. Baada ya miaka kadhaa jaribio liliachwa. Hapo Brand akajifunza jambo ambalo hakulisahau tena: maumivu yanatulinda kwa sababu hatuna swichi yake. Askari anayeweza kuamriwa na mwizi akalale si askari.

Yatupasayo sisi

Msomaji asidhani kuwa mambo haya ni ya India na Marekani tu. Huko Alupe, karibu na Busia, palikuwa na kituo cha kuuchunguza ukoma kwa ajili ya nchi zote za Afrika Mashariki, na hata leo ugonjwa huu haujakwisha katika nchi zetu. Lakini hofu ya zamani haina msingi tena. Watu wengi sana miili yao huushinda ukoma wenyewe bila dawa. Anayeugua hutibiwa kwa dawa za kumeza kwa miezi 6 au 12, nazo tangu mwaka 1995 hutolewa bila malipo kwa mpango wa Shirika la Afya Duniani. Akisha kuanza dawa, hawaambukizi wenziwe. Jambo moja tu dawa haiwezi: kuufufua mshipa uliokwisha kufa. Kwa hiyo upesi ni kila kitu. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua, na katika ugonjwa huu wanaojificha kwa aibu ndio wanaopotewa na mikono.

Mtu akiona baka ngozini lililopauka au lililo jekundu, lisilowasha wala kuuma, na alifumbapo macho hasikii akiguswa hapo kwa kipande cha pamba, asingoje. Si kila baka ni ukoma, lakini baka lililokufa ganzi lataka kuonyeshwa kwa daktari. Ganzi isiyoondoka mikononi au nyayoni, au kidole kinachoanza kujikunja chenyewe, navyo ni dalili za kupeleka hospitali.

Uko na ugonjwa mwingine unaofanya kazi ile ile, nao siku hizi waongezeka mijini na mashambani: kisukari. Sukari ikizidi damuni kwa miaka mingi, huidhoofisha mishipa ya fahamu, ikianzia ile mirefu kuliko yote, yaani ya vidole vya miguu. Mkulima hukanyaga mwiba asubuhi na kuuona usiku, au asiuone kabisa mpaka mguu unapovimba na kunuka. Wengi waliokatwa miguu kwa kisukari walianza na lengelenge dogo la kiatu ambalo halikuwauma.

Kwa wote waliopotewa na fahamu ya mikono au miguu, shauri ni moja: macho yachukue zamu ya mishipa. Kila jioni, kabla ya kulala, itazame miguu yote, nyayo na katikati ya vidole, na kama huoni vizuri mwombe mtoto akutazamie. Usitembee peku hata uani. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, au mtu mwingine akupimie. Usiote moto kwa miguu. Shika sufuria kwa kitambaa kinene, na mpini wa jembe uufunge kitambaa laini. Ukiona wekundu, joto au lengelenge, mguu huo upumzike siku hiyo hiyo na uonyeshwe kwa daktari, ingawa hauumi. Kwa hakika, kwa kuwa hauumi ndipo uharakishe zaidi.

Na sisi ambao askari wetu bado yu zamuni, tusimtukane. Yako maumivu ya bure, yanayoendelea hata kidonda kikisha kupona, na hayo yafaa kutibiwa, kwani askari huyo naye huweza kupiga mbiu pasipo adui. Lakini yule mama wa jikoni, alipokuwa akipuliza vidole vyake na kununa, alikuwa na bahati ambayo hakuijua. Kesho yake aliamka na vidole kumi, akawasha moto, akakumbuka kitambaa.